Vidonge vya Mzio na Askari Aliye Zamuni

Tarehe 16 Mei 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo ambalo katika nchi zetu lilipita bila kelele nyingi. Onyo hilo lahusu setirizini na ndugu yake levosetirizini, vidonge ambavyo watu wengi sana ulimwenguni humeza ili kutuliza chafya, mafua ya vumbi, macho yawashayo na vipele vya mzio. Ilielezwa kwamba baadhi ya watu waliovimeza kila siku kwa miezi au miaka, walipoviacha, walipatwa na mwasho mkali wa mwili katika siku chache zilizofuata. Kesi zilizohesabiwa kati ya mwaka 2017 na 2023 zilikuwa 209 duniani kote, nyingi zikiwa za Marekani kwenyewe.

Idadi hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na wingi wa watumiaji, wala hapana sababu ya mtu yeyote kutupa vidonge vyake. Lakini onyo lenyewe linatupa nafasi ya kulitazama kwa makini jambo ambalo sisi tuvaao sare tumelizoea kupita kiasi, yaani desturi ya kumeza dawa ya mzio kama mtu atafunavyo karanga.

Mzio ni kosa la ulinzi wa mwili. Mwili hukutana na vumbi, chavua, manyoya au chakula fulani, ukadhani umevamiwa, nao ukamwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo iletayo mwasho, uvimbe na makamasi. Dawa tunazozungumzia huiziba histamini isifike mahali pa kufanyia kazi. Daniel Bovet, aliyefungua njia ya dawa hizi mjini Paris mwaka 1937, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1957. Taabu ni kwamba ndani ya ubongo histamini ina kazi njema: ndiyo mojawapo ya vitu vinavyomweka mtu macho. Dawa za kizazi cha kwanza, kama klorfeniramini, promethazini na difenhidramini, hupenya hadi ubongoni na kumzima huyo mlinzi pia.

Klorfeniramini ndiyo ile ambayo watu wa Afrika Mashariki huiita Piriton, hata kama kopo lina jina jingine. Wazee wetu waikumbuka vizuri. Enzi za klorokwini, dawa ya malaria iliyowawasha Waafrika wengi ngozi nzima, vidonge hivi viliandamana nayo kama mtu na kivuli chake. Klorokwini iliondolewa katika matibabu ya kawaida ya malaria, lakini Piriton ilibaki, nayo huuzwa bila maswali mengi.

Basi tutazame ushahidi. Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa walichapisha matokeo ya jaribio la watu 40 walioendesha gari katika mtambo wa kuigiza barabara. Kila mmoja alijaribiwa kwa zamu akiwa amemeza difenhidramini, feksofenadini ambayo ni ya kizazi kipya, kidonge kisicho na dawa, au akiwa amekunywa pombe ya kutosha kumfanya mlevi mbele ya sheria. Walioendesha vibaya kuliko wote ni wale wa difenhidramini. Hata walevi waliwashinda. Nalo jambo la kutisha zaidi ni hili: kusinzia alikojisikia dereva hakukuonyesha kwa uhakika jinsi alivyodhoofika. Yaani mtu aweza kusema, "Afande, mimi niko sawa," akasema kwa moyo mweupe, kumbe mikono na macho yake vimechelewa. Askari wa usalama barabarani na wazingatie pia kwamba kifaa cha kupima pumzi hugundua pombe tu. Dereva wa basi aliyemeza vidonge viwili alfajiri atakipuliza na kupita salama.

Angani mambo ni hayo hayo. Mwaka 2014 Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichapisha uchunguzi wa marubani 6,677 waliokufa katika ajali kati ya mwaka 1990 na 2012. Miongoni mwa dawa zenye uwezo wa kupunguza umahiri wa rubani, iliyoonekana mara nyingi kuliko zote ilikuwa difenhidramini. Wakuu wa anga wa nchi hiyo humtaka rubani aliyeitumia angoje saa 60 kabla ya kuruka. Kwa setirizini, ambayo wengi hudhani haisinzishi kamwe, humtaka angoje saa 48. Loratadini na feksofenadini huruhusiwa, mradi rubani amekwisha kuzijaribu akiwa ardhini na hazikumletea udhaifu.

Kuna hatari nyingine ambayo haitajwi sana, nayo yawahusu hasa askari wa miguu. Dawa za kizazi cha kwanza hukausha: mdomo, macho, na hata jasho. Askari mwenye mzigo mgongoni katika jua la Karamoja hujipoza kwa jasho. Akizuiwa jasho, joto la mwili hupanda, naye aweza kuanguka njiani wakati wenzake wangali wanatembea. Dawa hizo pia huweza kuziba mkojo kwa mwenye tezi dume iliyovimba, na kumdhuru mwenye aina fulani za presha ya macho. Waragi juu yake huongeza usingizi maradufu.

Kwa maoni yangu, mwenye zamu ya lindo, usukani au silaha aombe loratadini, kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku, na cha kwanza akimeze siku ya mapumziko ili ajue mwili wake unavyokipokea. Setirizini nayo ni miligramu 10 kwa siku, afadhali usiku. Mwenye ugonjwa wa figo apate kipimo kutoka kwa tabibu. Klorfeniramini ya miligramu 4 isipite vidonge sita kwa saa 24, na mwenye kuitumia asome pakiti ya dawa yake ya mafua, kwa kuwa nyingi za dawa hizo zina klorfeniramini ndani yake tayari, na hapo ndipo watu humeza dozi mbili wakidhani ni moja.

Aliyetumia setirizini kwa miezi mingi na sasa ataka kuiacha, amwone kwanza tabibu wa kikosi. Katika kesi za Marekani, wengi walioirudia dawa walitulia, na baadhi yao waliweza kuiacha baadaye kwa kupunguza pole pole.

Limebaki jambo moja ambalo vidonge hivi haviliwezi kabisa. Mtu akiumwa na nyuki, au akila kitu kisichompatana, kisha koo likavimba, pumzi zikabana, akaona kizunguzungu, asipewe kidonge na kuambiwa angoje. Dawa yake ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja, kwa mtu mzima nusu miligramu, nayo huhesabiwa kwa dakika. Alazwe chali, miguu iinuliwe, au aketi ikiwa hawezi kupumua akilala. Asisimamishwe, asitembezwe hadi zahanati. Gari lifuate alipo.