Kericho Si Kikapu cha Chai

Mpiga picha akishuka Kericho, macho hukimbilia shambani: kijani mpaka upeoni, mama ameinama, kikapu mgongoni. Anabonyeza, anarudi Nairobi. Jamani, hiyo picha tumeichoka!

Geuza kamera. Jumapili Litein, mama huyo huyo amevaa kitenge, anacheka na wenzake stejini. Bomet, boda imefungwa mwavuli wa rangi zote. Kapkatet, vijana wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda wakingoja mvua ya alasiri ipite.

Mtasema hayo ni mapambo tu, habari ni shida. Shida ipo, sikatai. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai hapa hapa Kericho. Lakini fikiria: ukimpiga mtu picha miaka yote kama mikono tu, siku mashine inapochukua kazi ya mikono, nani atauliza mwenyewe ameenda wapi? Mikono ina mbadala. Mtu anayecheka, anayejipamba, anayebishana juu ya kete, hana spea.

Simu unayo. Anzia steji. Omba ruhusa kwanza, halafu mrushie picha yake.