Kazi za Vijana: Otokola nene inakatwa kando ya picha

Alama za kamioni na za milango ya mine zinaomba vinili nene: ile inayong'aa usiku, ao ile iliyofunikwa na plastiki juu ili jua na vumbi visile wino. Hapo wengi wanalia. Picha imetoka muzuri, lakini kisu cha plota kinapita kando yake. Metre nzima za vinili zinatupwa, na mwenye kazi hakubali kulipa.

Wengi wanakimbilia kuongeza nguvu ya kisu. Ninyi musianze pale. Nguvu hairudishe kisu ku mustari. Chukueni rula mupime kwanza.

Kama mustari umesogea kipimo kile kile, tuseme milimita 1 upande wa kuume, tangu otokola ya kwanza mpaka ya mwisho, basi jicho la mashini na kisu havipatani. Muchape alama ya musalaba, muikate, mupime tofauti, muingize hesabu ile mu mashini. Lakini kama ya kwanza iko sawa na ya kumi imepotea, vinili inateleza. Rola nzito inaivuta nyuma. Fungueni urefu wote wa kazi mbele ya kukata, ulegee nyuma ya mashini, magurudumu ya kubana yashike sawasawa pande zote, mupunguze mbio. Kazi ndefu muigawe vipande, kila kimoja na alama zake za pembeni, mashini isome upya.

Pengine jicho halioni alama kabisa, kwa sababu vinili ya usiku inarudisha mwanga na kulidanganya. Bandikeni skochi isiyong'aa juu ya kila alama.

Sasa kisu chenyewe. Cha digri 45 ni cha vinili nyembamba. Kwa nene tafuteni cha digri 60. Kisu hiki hakiandike kama bic. Kinajigeuza chenyewe kikivutwa, sawa vile gurudumu dogo la kitanda cha hospitali, maana ncha yake haiko katikati. Umbali ule lazima mashini iujue: mara nyingi ni karibu milimita 0.25 kwa cha 45, na karibu 0.5 kwa cha 60 (kitabu cha mashini yako ndicho bwana hapa). Ukibadilisha kisu bila kubadilisha hesabu, pembe zinatoka mviringo ao zinabaki na mukia.

Kisu kitokeze kidogo tu. Kata mraba mudogo, uutoe, utazame karatasi ya nyuma: iwe na alama nyepesi, isipasuke. Kama haijakatika, heri kupita mara mbili na nguvu ndogo. Nguvu kubwa inasukuma vinili, tena inachimba ukanda ulio chini ya kisu, na pale hata vinili nyembamba itakatwa vibaya. Ile ya usiku mara nyingi iko na chembe za kioo ndani. Kisu cha juzi kikishindwa leo, musishangae.

Mwenye kuchora naye apanue rangi milimita 2 kupita mustari, ukingo mweupe usionekane.

Na wino wa solvent uachwe ukauke masaa 24 mbele ya kufunika plastiki. Ukifunikwa mubichi, vinili inalainika na pembe zinajikunja chini ya kisu. Patroni anayetaka kamioni yake kesho asubuhi aambiwe hivyo mbele ya kupokea avansi yake.