Tarehe Iliyo Katika Chuma

Wako watu wasemao kuwa motokaa ya kale ni pambo la tajiri tu, na kwamba kubadili namba za injini yake si kosa kubwa. Hoja yao ni hii: chuma ni chuma, ikiwa injini ni ya aina ile ile na yavuta vema, ni nani aliyedhulumiwa? Maneno haya ni matamu masikioni, lakini yakipimwa hayana uzito.

Kwanza yafaa tuzijue namba zenyewe. Tutwae mfano wa motokaa za Chevrolet zilizoundwa Marekani katika miaka ya 1960. Chuma cha injini kiliposubiwa, kalibu ilikiachia tarehe kwa herufi na tarakimu zilizotuna. A ni Januari, B ni Februari, hata kufikia L, ambayo ni Desemba. Kisha hufuata siku, na mwisho tarakimu moja ya mwaka. Kwa hiyo C 14 7 yaweza kusomwa Machi 14, 1967. Injini ilipokwisha kuunganishwa, iligongwa chapa nyingine yenye herufi ya kiwanda, kama V kwa kiwanda cha Flint, pamoja na mwezi na siku.

Mwenye busara huzisoma namba hizi kama hakimu amsikilizavyo shahidi. Motokaa iliyotoka kiwandani Februari 1967 haikuzaliwa na injini iliyosubiwa Machi mwaka huo. Hapo shauri limekwisha. Lakini tarehe ikitangulia kwa majuma machache, yaonyesha kuwa jambo lawezekana tu, maana injini nyingi zilisubiwa siku moja. Tena tarakimu 7 peke yake yaweza kuwa 1957, 1967 au 1977, mpaka namba ya aina ya chuma hicho nayo itazamwe. Basi tarehe ina nguvu zaidi ya kukanusha kuliko ya kuthibitisha.

Mghushi alijua hilo. Huukwangua uso wa chuma kwa mashine hata chapa ya kwanza ipotee, kisha hugonga mpya ipatanayo na motokaa anayotaka kuiuza. Twamwuliza: kama chuma ni chuma tu, mbona wajitaabisha? Anajua kuwa wanunuzi hulipa zaidi kwa motokaa iliyo na injini yake ya asili. Kazi ya mkono wake yakanusha maneno ya kinywa chake.

Wala aliyedhulumiwa si mnunuzi peke yake. Yuko muuzaji mwaminifu asemaye waziwazi, "Injini hii si ya asili," naye hupata bei ndogo kwa sababu ya ukweli wake, huku mwongo akivuna. Yuko pia kila atakayetaka kujua habari za kweli za motokaa ile, kwani chapa iliyokwanguliwa hairudi tena. Kubadili injini iliyovunjika si aibu, bali ni kazi njema ya fundi. Aibu ni kuificha.

Wala usidhani, ewe msomaji, kuwa haya ni mambo ya Marekani na ya matajiri. Tazama ubavu wa tairi la matatu. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 huwa na tarakimu nne za tarehe: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Hivyo 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala dukani, na tairi lililozeeka laweza kupasuka barabarani likiwa limebeba roho za watu. Mtu akiifuta tarehe hiyo ili auze, sote tutamwita mwovu. Lakini yule aliyekwisha kusema kwamba namba ya uongo katika injini haimdhuru mtu, atatoa wapi kinywa cha kumkemea?