Karakana ya Nyumbani: Bunduki Iliyokwama



Jioni moja nilikuwa nikirudi kutoka sala ya rozari, nikasikia mlio wa nyundo uani kwa jirani yangu. Nilidhani anatengeneza kiti. Kumbe alikuwa ameketi kibarazani, amelaza magotini bunduki yake ndogo, ile anayowindia kanga na ndezi wanaoharibu shamba lake, naye anagonga mkono wa komeo kwa nyundo. Mtutu ulielekea jikoni. Mkewe alikuwa humo akisonga ugali, na watoto watatu walikuwa wamechutama kando wakimtazama baba yao.

«Ndugu, weka nyundo chini kwanza, ndipo tusalimiane,» nikamwambia.

«Karibu, Mwalimu. Komeo limekwama tangu asubuhi. Lakini usiogope, hamna risasi ndani.»

«Umeona kwa macho yako?»

Akanyamaza. Angewezaje kuona, na komeo limefungwa?

Ziko nyumba za vijijini zenye bunduki ya namna hii. Kwa hiyo yafaa leo tuelezane mambo ya komeo, yaani kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kuisukuma risasi ndani na kulivuta ganda nje. Na tuanze kwa kuelewa kwa nini nyundo ni hatari.

Risasi ya bunduki hii ina upana wa milimita 5.6 hivi, nayo haifanani na ya bunduki kubwa. Katika risasi ya bunduki kubwa, fataki imewekwa katikati ya kitako cha ganda. Katika hii ndogo, unga wa fataki umefichwa ndani ya ukingo wa ganda, kuuzunguka wote. Ufundi huo ni wa zamani: Mfaransa Flobert aliutumia mwaka 1845, na risasi inayojulikana zaidi mpaka leo, iitwayo Long Rifle, ilitokea Marekani mwaka 1887. Basi ukingo huo ukigongwa au ukibanwa kwa nguvu mahali popote, unga waweza kuwaka. Ukiwaka komeo likiwa halijafungwa barabara, vipande vya ganda huruka usoni pa mtu. Na risasi yenyewe, ingawa kwa kawaida ina uzito wa gramu 2.6 tu, yaweza kwenda zaidi ya kilometa moja.

Nilimwomba mama atoke jikoni, yeye na watoto wakakae nyuma ya nyumba. Sisi tukaipeleka bunduki mwisho wa uwanja, tukaielekeza kwenye kichuguu kikubwa, ambacho nyuma yake hapana njia wala makao ya watu. Vidole vyetu vikawa mbali na kifyatulio. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: bunduki iliyokwama ina risasi, mpaka macho yako yaone kwamba haina.

Kanuni ya pili ni kungoja. Mtu akivuta kifyatulio na mlio usitoke, asifungue komeo mara moja, maana pengine fataki inawaka polepole. Ahesabu mpaka 60, mtutu ukiendelea kuelekea mahali pa salama. Na mlio ukitoka hafifu kuliko desturi, asipige tena. Huenda risasi imebaki katikati ya mtutu, na ya pili ikiifuata, mtutu waweza kupasuka.

Kanuni ya tatu: toa kisanduku cha risasi, ili nyingine isiingie. Kisha ujiulize komeo limekataa mwendo upi. Mkono wake ukikataa kuinuka, tazama kama kizuizi cha usalama kimefungwa, kwa maana katika bunduki nyingine kizuizi hulifunga na komeo. Mafuta ya zamani yaliyoganda nayo huleta shida hiyo. Likikataa kurudi nyuma, mara nyingi ganda limeshikwa na uchafu au kutu ndani ya chumba chake. Likikataa kwenda mbele, huenda risasi imesimama upande, au midomo ya kisanduku imepinda. Likikataa kushuka na kufunga, chunguza kama kuna masizi yaliyoganda, au kama risasi si ya bunduki hiyo. Zile ziitwazo Magnum, zilizotoka mwaka 1959, ni nene kidogo, wala haziingii katika bunduki ya Long Rifle. Usizilazimishe kamwe.

Komeo la jirani yangu liliinuka, lakini likakataa kurudi nyuma. Nikatia matone machache ya mafuta mepesi ya cherehani kwenye njia yake, tukangoja muda wa kusali makumi mawili ya rozari. Kisha nikalivuta kwa nguvu ya kiganja tu, uso wangu nikiuweka kando. Mara ya tatu likatoka polepole, na kitu kikaanguka majanini. Halikuwa ganda tupu. Ilikuwa risasi nzima.

Kama lingeendelea kukataa, ningeliacha hivyo hivyo na kumwita fundi wa bunduki mwenye ruhusa. Wako wanaosukuma fimbo kutoka mdomo wa mtutu ili kuitoa risasi iliyonasa. Wasifanye hivyo! Fimbo ni ya kusukuma ganda tupu, ambalo mtu ameliona kwa macho kuwa ni tupu.

Niliichukua ile risasi, nikaona kishimo kidogo ukingoni mwake, alama ya sindano ya kupigia.

«Ndugu, mtu amefyatua juu ya risasi hii, nayo haikulia.»

«Si mimi, Mwalimu. Leo asubuhi nimeishika tu, nikaikuta imekwama.»

Nikamulika kwa tochi ndani ya chumba cha risasi. Ukingo wa chuma ulikuwa na pengo, na chuma kimesukumwa ndani kidogo. Alama kama hiyo haipatikani kwa siku moja. Bunduki ya namna hii ikifyatuliwa tupu mara nyingi, sindano yaweza kuugonga ukingo huo, kwa kuwa hapana ganda la kulipokea pigo. Chuma kilichosukumwa ndani hulibana ganda lisitoke, na penye pengo pigo la sindano hupotea nguvu. Basi bunduki yenyewe ilikuwa ikitueleza habari ambayo hakuna mtu aliyeisema.

Baba akawaita watoto. Yule mkubwa, wa miaka tisa, akaanza kulia kabla ya kuulizwa.

«Ni mimi, baba. Mkienda shambani tunacheza mchezo wa askari. Jana niliona risasi kwenye kikapu, nikaitia.»

«Ulimwelekezea nani?»

Mtoto hakujibu. Alimtazama dada yake mdogo.

Baba yake aliketi chini majanini. Hakumpiga. Baada ya kitambo alisema: «Kosa ni langu. Nimeitundika ukutani kama kofia.»

Wasomaji wapenzi, amri ya tano ya Mungu haimkatazi mtu kuua kwa makusudi tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yafundisha, katika namba 2269, kwamba hatuna ruhusa kumtia mtu katika hatari ya kufa pasipo sababu kubwa. Mwenye kuiacha bunduki mahali mtoto anapoifikia, hawezi kujitetea akisema: sikukusudia.

Kwa hiyo shikeni haya. Bunduki ikae ndani ya sanduku lenye kufuli, bila risasi. Komeo litolewe na kufungiwa mahali pengine, na risasi mahali pa tatu, palipo pakavu. Ufunguo ukae kwa mwenyewe. Komeo la bunduki moja lisitiwe katika bunduki nyingine, hata zikifanana kama mapacha. Baada ya kuwinda, na baada ya kuona kwamba hamna risasi, toa komeo, ulisugue kwa mswaki wa zamani, ulipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha ulipake mafuta mepesi kidogo tu. Mafuta ya mawese hayafai: huganda, hushika vumbi, na kesho komeo litakwama tena. Mtutu usafishwe kutoka upande wa chumba cha risasi, ikiwa bunduki yaruhusu, ili fimbo isiuharibu mdomo wake. Na bunduki tupu isifyatuliwe kwa mchezo, wala na mtoto wala na mtu mzima.

Jirani yangu aliipeleka bunduki kwa fundi, komeo likiwa limetolewa, pamoja na hati yake. Hakutaka kuitumia tena kabla ya pengo lile kutengenezwa. Siku hiyo hiyo seremala alimpimia sanduku la mbao ngumu. Jumapili iliyofuata niliwaona kanisani wote watano katika benchi moja, na yule msichana mdogo amesinzia begani mwa kaka yake.

Wawindaji humheshimu Mtakatifu Huberto, Askofu wa Liège, aliyefariki mwaka 727, na sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Yeye atuombee. Lakini usingoje Novemba, Baba unayesoma maneno haya. Simama sasa, utazame ukutani mwako.