Amplifaya Haigawi Wati Kama Mandazi

Haya jamani, leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata. Nina hasira, na hasira yenyewe nimeitoa nyumbani, Kibwezi.

Nilikuwa harusini, mwendo mfupi tu kutoka barabara kuu ya Mombasa. Bendi ilikuwa ya vijana niliosoma nao, wanapiga benga ya Kikamba. Mnaijua benga yetu: tangu enzi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers miaka ya 1970, ukiitoa besi unabaki na kitu kama mlio wa simu. Gitaa la besi lilipita kwenye amplifaya ya wati 500, na amplifaya ikalisha maboksi mawili. Moja lilikuwa na spika nne za inchi 10. La pili lilikuwa kazi ya seremala wa mtaani, likiwa na spika moja ya inchi 15.

Wimbo wa tatu, besi ikakatika. Harufu ya plastiki iliyoungua, kisha kimya. Watu wakacheka, mwenye kucheza sidii akaitwa, na bendi ikalipwa nusu.

Fundi akafungua mtambo, akatikisa kichwa. "Kijana wangu, ni stima. Stima imepanda."

Kwa heshima zote mzee, stima gani hiyo? Kinanda, mikisa na amplifaya ya gitaa la solo vilichomekwa kwenye waya huo huo wa stima na havikuguswa. Stima iliyopanda ilichagua mpiga besi peke yake?

Nikauliza maboksi yana omu ngapi. Hakuna aliyejua. Nikaazima multimita. Boksi la spika nne lilisoma karibu 6, yaani ni boksi la omu 8 (multimita husoma chini kidogo ya kile kinachoandikwa, usishtuke). Lile la seremala lilisoma 3.3. Hilo ni la omu 4. Nikageuza amplifaya nyuma, na pale, kwa herufi ndogo kama za mkataba wa mkopo, imeandikwa: isipungue omu 4.

Kesi imekwisha hapo, lakini nataka tuelewane kwa nini, maana ushauri waliopewa vijana hawa nimeusikia tangu nikiwa sekondari. Waliambiwa: "Boksi lenye nguvu chomeka tundu la kwanza lipate wati nyingi, lile lingine tundu la pili. Mtambo utajigawia."

Utajigawia vipi? Kazini kwetu tuna programu inayopokea maombi ya watumiaji na kuyapeleka kwa seva hii na ile kwa zamu, ikiangalia nani amelemewa. Amplifaya haina programu hiyo. Haina "ikiwa" wala "vinginevyo". Kwenye amplifaya nyingi za besi matundu yale mawili yameungwa kwenye waya ule ule kule ndani. Hakuna la kwanza wala la pili, ni mlango mmoja wenye vitasa viwili. Kila boksi linapata volti zile zile, halafu linavuta umeme kadiri ukinzani wake unavyoruhusu. Georg Ohm alichapisha sheria hiyo mwaka 1827, na sisi tuliifanyia mtihani wa Fizikia tukaisahau siku ya pili yake.

Hebu tupige hesabu. Wati 500 kwenye omu 4 ni volti 44.7. Zidisha volti kwa zenyewe, unapata 2000 hivi. Gawanya kwa omu za boksi, hizo ndizo wati zake. Boksi la omu 8: 2000 kwa 8, wati 250. Boksi la omu 4: wati 500. Jumla 750, kutoka kwa mtambo wa 500! Umeme unaotakiwa unapanda kutoka ampea 11 hadi karibu 17, kwa sababu omu 8 na omu 4 zikiwa sambamba zinakuwa 2.67. Tena ona nani aliyekula mara mbili ya mwenzake: lile boksi la spika moja. Mtambo ungeishi, spika ya inchi 15 ndiyo ingefuata.

Sasa njoo kwa dawa za mafundi, maana hapa ndipo hasira ilipo. Wa kwanza anasema tia rezista ya omu 4 kabla ya boksi la omu 4, liwe kama la 8. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Lakini nusu ya nguvu ya upande ule, wati 125, sasa inapikwa ndani ya rezista, na ile rezista nyeupe aliyokuuzia ni ya wati 10. Umenunua jiko. Wa pili anasema unga maboksi kwa mfululizo, moja baada ya jingine. Hapo jumla ni omu 12, mtambo uko salama, lakini unatoa wati 167 tu, na mgawanyo unageuka juu chini: la omu 8 linapata 111, la omu 4 linapata 56. Hiyo ndiyo mizani mliyoitaka?

Na hata maboksi yote mawili yakiwa ya omu 8, kila moja likipata wati 250 sawasawa, bado usishangilie. Kwenye boksi la spika nne kila spika inabeba wati 62.5. Ile ya inchi 15 inabeba 250 peke yake. Ikiwa uvumilivu wake ni wati 200, basi kikomo cha mtambo mzima ni 400, hata kama boksi la pili lingeweza kumeza 1000. Halafu wati si sauti. Boksi moja likitoa desibeli 100 kwa wati 1 na lingine 96, hilo la pili linahitaji nguvu mara 2.5 ili lisikike sawa na mwenzake. Hakuna tundu la kurekebisha hilo. Nunua maboksi mawili ya aina moja, au tumia amplifaya mbili, kila boksi na yake.

Mtaniambia kazi ya mwanamuziki ni kupiga, hesabu ni ya fundi. Nakubali kabisa. Basi fundi aifanye! Na anayeuza boksi aandike omu mgongoni. Ukienda Luthuli Avenue pale Nairobi utaona maboksi yamebandikwa wati elfu kwa herufi za dhahabu, nazo omu ukiziuliza unaangaliwa kama umeuliza kabila. Wati za dhahabu ni matangazo. Omu ndizo zinazoamua kama utarudi nyumbani na mtambo mzima. Vijana wale walinunua amplifaya kwa michango ya miaka miwili, na mpiga besi aliongeza bei ya mbuzi wake.

Nilirudi Kibwezi nikamtembelea yule seremala. Si mtu mbaya, alinisikiliza vizuri, akakubali kuanzia sasa kuandika namba nyuma ya kila boksi kwa chuma cha moto. Wiki iliyopita akanitumia picha ya la kwanza. Limechomwa kwa ustadi mkubwa: 15.

Nikampigia. "Mzee, hizo ni omu?"

"Omu? Hizo ni inchi, kijana."