Mashua Si Meza ya Kahawa

Ati niiuze. Mwenye duka la fanicha Nairobi ameona picha ya mashua ya marehemu babu, imelala hapa uani kwetu Matondoni, na anataka mbao zote. Ubavu uwe meza ya kahawa, vipande vidogo viwe fremu za vioo. Watalii wanapenda rangi iliyobabuka, anasema. Ina historia.

Historia gani bana, bila maji?

Nimeshatoa mbao saba zilizooza. Mkuku ni mzima, taruma mbili tu ndizo zimeliwa na wadudu. Fundi amenifundisha kukalafati: unasokota pamba, unaipaka mafuta, unaigongelea kwenye mwanya kati ya mbao, polepole, mpaka sauti ya nyundo ibadilike. Ukiruka mahali pamoja, safari nzima ni kukumba maji.

Ndiyo, faiba haina kazi nyingi hivi, na mbao nzuri zinakula mshahara wangu wote. Sibishi. Lakini wanaolia mtandaoni kwamba ufundi wa Lamu unakufa ndio hao hao wanaoweka kikombe cha chai juu ya ubavu wa jahazi. Kama unampenda fundi, mpe mashua atengeneze, umlipe.

Yangu inashuka majini kusi ikiisha. Meza atafute kwingine.