Porter Imeachwa, Gharama Wametwishwa Wanakijiji

Mwaka 2022 kiwanda cha Pilatus kilichoko Stans, Uswisi, kilikamilisha ndege yake ya mwisho ya aina ya PC-6 Porter. Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 4 Mei 1959, na katika miongo sita iliyofuata ziliundwa zaidi ya 600, baadhi yake Marekani kwa leseni. Iliagwa kama anavyoagwa mzee aliyekula chumvi nyingi: sifa, picha za milimani, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Hapo ndipo penye kukera, kwa sababu Porter haikufa kwa uzee. Imeachwa na kampuni iliyoona kwamba ndege yake ya PC-12 na jeti yake ya PC-24 zina wateja wenye pesa zaidi. Kampuni ina haki ya kuchagua biashara yake, na hilo halina mjadala. Lakini uamuzi huu haukuwa wa busara, na utetezi wake unaficha jambo la msingi: gharama iliyookolewa kiwandani haikutoweka. Imehamishiwa kwa watu ambao hawakuulizwa.

Tukubaliane kwanza Porter ni chombo gani. Ni ndege ya injini moja yenye bawa refu lililonyooka juu ya chumba cha abiria, magurudumu mawili manene mbele na kigurudumu kimoja mkiani. Kwa sura haina mvuto wowote. Toleo la B2-H4 huruka na uzito wa hadi kilo 2,800, na hubingirika mita 197 tu kabla ya kuiacha ardhi; likitua, hutosheka na mita 127. Wakati wa kushuka rubani anaweza kubadili mkao wa mapanga ya propela yakafanya kazi ya breki hewani, akateremka kwa pembe kali bila ndege kushika kasi, na ndivyo inavyoingia kwenye bonde lililobanwa na milima. Mwaka 1960 Porter iliyopewa jina la Yeti iliusaidia msafara ulioongozwa na Waswisi kupanda Dhaulagiri, Nepal, ikatua kwenye theluji katika mwinuko wa takriban mita 5,700, pungufu ya kilele cha Kilimanjaro kwa mita 200 hivi. Ndege hiyo hatimaye ilianguka huko huko milimani na marubani wake wakashuka kwa miguu, lakini ilikuwa imeshathibitisha inachoweza.

Wapo wanaosema imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba gurudumu la mkia linadai rubani mzoefu, kwamba muundo wake ni wa zamani, na kwamba Porter nyingi za Ulaya siku hizi zinapandisha warukaji wa miavuli na si wagonjwa. Wengine wanataja helikopta, ila aliyewahi kulipia saa moja ya helikopta anajua kwa nini hospitali za vijijini hazina. Wengine wanataja droni, na Rwanda imeonyesha tangu 2016 kwamba droni inaweza kufikisha damu hospitalini upesi. Ni jambo jema, lakini droni hiyo haimbebi mama aliyekwama katika uzazi kumpeleka kwa daktari wa upasuaji. Hoja yenye uzito kiasi ni ya Kodiak 100, ndege ya Marekani iliyobuniwa kwa kuzingatia kazi za misheni na viwanja vibovu. Ni ndege nzuri, ila nayo hubingirika mita 285 hivi, na baada ya Daher ya Ufaransa kuinunua kampuni iliyoiunda, mwaka 2019, toleo lililofuata la Kodiak 900 lilikuja refu zaidi na lenye mbio zaidi. Mkondo ni ule ule wa kutafuta kasi, na asiye na uwanja mrefu ajitegemee.

Kiini cha suala zima kiko kwenye uwanja. Urefu wa njia ya kurukia hauamuliwi na ujasiri wa rubani, unaamuliwa na kasi ambayo bawa linaweza kuubeba uzito. Porter iliyoshusha vibawa vya nyuma ya bawa hukaa hewani hata kasi yake ikipungua hadi kilomita 96 kwa saa. Kanuni za Marekani kwa miaka mingi ziliruhusu kiwango hicho kifike kilomita 113 kwa saa kwa ndege za injini moja. Tofauti ya kilomita 17 inaonekana si kitu, lakini nguvu ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo ndege inayogusa ardhi kwa kilomita 113 ina nguvu ya kuzimwa iliyozidi kwa karibu asilimia 39 ile ya ndege ya uzito huo huo inayogusa kwa 96. Nguvu hiyo ikizidi, breki hudai urefu zaidi wa ardhi. Ongeza mwinuko wa mita 2,000, ambako hewa nyepesi hudhoofisha bawa na injini kwa pamoja, ongeza tope la masika na nyasi zilizolowa, na pengo linapanuka zaidi. Cessna Grand Caravan EX, ndege ya kutegemewa ya aina inayoonekana kila siku kwenye viwanja vya Afrika Mashariki, ikijaa mzigo inahitaji zaidi ya mita 400 za kubingirika, tena kwa hesabu ya usawa wa bahari na uwanja mkavu.

Hizo mita 200 za ziada zinatoka wapi? Hazitoki Stans. Zinatoka kwenye ardhi ya kijiji na migongoni mwa wanakijiji. Kipande cha mita 200 kwa upana wa mita 20 ni karibu ekari nzima: visiki vya kung'oa, vichuguu vya kusawazisha, mtaro wa kutoa maji ya mvua, shamba la mihogo la mtu la kufidia. Kazi haiishii hapo. Nyasi zinafyekwa kila zinapoota, mashimo ya wanyama yanazibwa, na ng'ombe wanafukuzwa kila mngurumo unaposikika. Na huko ni tambarare, penye ardhi ya kuongeza. Kule Lukla, Nepal, kwenye uwanja uliojengwa 1964 chini ya usimamizi wa Edmund Hillary, inasimuliwa kwamba Masherpa waliushindilia udongo kwa kucheza ngoma juu yake. Leo njia yake ina lami na urefu wa mita 527, imelala kwenye mteremko wa karibu mita 12 kwa kila mia, ina ukuta wa mlima upande mmoja na genge upande wa pili. Hakuna bajeti itakayoirefusha. Mahali pa namna hiyo ama ndege inakubaliana na ardhi, ama watu wanakaa bila ndege.

Kwa hiyo uwezo wa kuruka kwenye uwanja mfupi si pambo la kuwafurahisha marubani. Ni mpango wa nani alipe. Mhandisi akitoa bawa kubwa lenye mwendo mdogo, gharama inalipwa mara moja, kiwandani, na mnunuzi. Akitoa bawa dogo lenye mbio, gharama inalipwa na kila kijiji, kila mwaka, kwa jembe na fyekeo. Mashariki mwa Kongo, ambako barabara hukatwa na mvua leo na risasi kesho, ndege ndogo zinazotoka Bunia ndizo zinazofikisha dawa na wahudumu wa afya vijijini. Kijiji kinachoweza kutunza mita 300 za nyasi kimo kwenye ramani ya huduma. Kikiambiwa kitunze 600 kinaweza kutoka, na mezani kwa wahasibu hakuna atakayejua kimetoka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sijaona ushahidi bora wa usemi huo kuliko jedwali la faida linaloonyesha kwamba Porter hailipi.

Tena hata hilo la kutolipa lisimezwe bila kutafunwa. Tuliambiwa hivyo hivyo kuhusu Twin Otter ya Kanada, ndege kubwa zaidi ya ukoo huo huo wa viwanja vifupi. De Havilland iliacha kuiunda mwaka 1988 baada ya kutoa 844. Ndege zilizobaki zikaendelea kuchapa kazi: Shirika la Ndege la Tanzania liliwahi kuzitumia, na hadi leo zinaruka kutoka Wilson, Nairobi, kwenda viwanja vya Maasai Mara. Mwaka 2006 kampuni ndogo ya Viking ikanunua haki za muundo, ikaanza kuwakabidhi wateja ndege mpya mwaka 2010, ikauza zaidi ya 100. Mwaka 2023 likatangazwa toleo jipya jingine. Soko lililotangazwa kufa mwaka 1988 lilikuwa hai muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuliuzia. Baada ya somo hilo, kurudia kisingizio kile kile kuhusu Porter ni kuwafanya wasomaji watoto. Waseme tu kwamba faida ya jeti ni tamu zaidi, nasi tutawaelewa.

Kuahidi vipuri kwa ndege zilizopo hakutoshi, kwa sababu kipuri hakizai ndege mpya pale ya zamani inapoanguka au kuchoka. Kiwanda kisichotaka kuendelea kuunda ndege kama hii kimpe haki za muundo anayetaka, kwa bei ya haki, kama ilivyofanyika Kanada. Na mashirika ya misaada yanayonunua ndege kwa ajili ya vijiji vya mbali yaache kulinganisha bei ya ndege peke yake. Yaweke kwenye hesabu hiyo hiyo gharama ya uwanja, pamoja na siku za kazi za wanaoufyeka. Hesabu ikifanywa hivyo, ndege ya mita 197 haitakuwa ghali tena.